Sini, kosini au tanjenti: ubonyeze ipi ukitafuta pembe?

Jumamosi moja jioni walinijia wageni wawili kwenye baraza ninapofundishia twisheni, Ngamiani, Tanga, wakifuatana kama waliopangana. Wa kwanza binti wa kidato cha tatu, daftari kifuani. "Shikamoo mwalimu. Hapa wametoa pande mbili, wanataka pembe. Nibonyeze ipi?" Hajakaa sawasawa, akaingia fundi wa paa kutoka Pongwe, penseli sikioni, simu mkononi. "Mwalimu, mwenye nyumba kaleta ramani, mwinuko wa paa umeandikwa kwa nyuzi. Mimi nina futi na timazi. Simu inayo hiyo hesabu, ila vitufe vitatu vinafanana. Nibonyeze ipi?"

Binti nilimaliza naye kwa dakika tano. Fundi alikula jioni yote, na haki yake. Mtihani humpa mwanafunzi namba zilizokwisha safishwa. Fundi lazima aamue mwenyewe apime upande gani, na hapo ndipo kinyume cha sini, cha kosini na cha tanjenti vinapoachana njia. Ukiwa na namba safi, vyote vitatu vinatoa pembe ileile. Ukiwa na futi iliyolegea katikati, hapana.

Tukumbushane majina kwanza. Pembetatu mraba ina pembe moja ya nyuzi 90. Upande mrefu kuliko yote, unaotazamana na hiyo pembe mraba, ni haipotenusi. Ukichagua mojawapo ya pembe mbili zilizobaki, upande unaotazamana nayo ni mkabala, na ule unaoigusa usio haipotenusi ni jirani. Sini ni mkabala kwa haipotenusi, kosini ni jirani kwa haipotenusi, tanjenti ni mkabala kwa jirani. Unapoijua pembe unatafuta uwiano: sini ya nyuzi 30 ni 0.5. Unapoujua uwiano unatafuta pembe, yaani unarudi nyuma: una 0.5, unataka 30. Kurudi huko ndiko kinyume, na kwenye kikokotoo kimeandikwa sin⁻¹, cos⁻¹, tan⁻¹. Hiyo −1 ya juu, aliyeianzisha Mwingereza John Herschel mwaka 1813, si kipeo. Sin⁻¹ haimaanishi moja gawanya kwa sini. Nimeshaona wanafunzi wanabonyeza tan, halafu wanatafuta kitufe cha x⁻¹ kilicho jirani, na jibu linatoka la ajabu kabisa.

Nitavilinganisha kwa mambo gani

Nina maswali manne, nitayauliza yaleyale kwa kila mmoja. Kwanza, unataka pande zipi, na pande hizo zinafikika kwa futi? Pili, futi ikikosea kidogo, pembe inakosea kiasi gani? Tatu, kwenye kitabu cha majedwali, kile chenye orodha za sini, kosini na tanjenti za kila pembe, unasomekaje? Nne, mtego wake uko wapi? Mwisho wa kila mmoja nitasema unamfaa nani. Swali la pili ndilo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka, kwa hiyo mimi nitakaa hapo zaidi.

Kinyume cha tanjenti

Pande zake ni mkabala na jirani, zile mbili zinazokutana kwenye pembe mraba. Kwa mtu wa ujenzi hii ni habari njema, maana moja inasimama na nyingine inalala: ya kusimama utaipata kwa timazi, ya kulala kwa pima maji. Nyumba ya fundi wangu ilikuwa na upana wa mita 8. Nusu yake mita 4. Nguzo ya katikati ya kenchi mita 1.5. Gawanya 1.5 kwa 4 upate 0.375, bonyeza tan⁻¹, inatoka 20.556. Hakuhitaji kupanda juu kuvuta futi kwenye kombamoyo, ambalo ndilo haipotenusi.

Sasa tuseme futi ililegea, ile mita 4 ikasomeka 4.02. Pembe inakuwa 20.46. Imepotea chini ya sehemu moja ya kumi ya uzi mmoja, na paa haitajua. Hiyo ndiyo sifa ya tanjenti: popote pembe ilipo, iwe ndogo, ya katikati au karibu na wima, haina mahali inapochachamaa ghafla.

Lakini usije ukadhani inasamehe kila kitu. Kuna jaribio napenda kuwafanyisha wanafunzi kila mwaka, tarehe 20 au 21 Machi, jua linapokuwa juu ya ikweta. Tunasimamisha fimbo ya mita moja, wima wa timazi, tunangoja mnamo saa sita na nusu mchana. Mbona si saa sita kamili? Sababu kubwa ni kwamba saa za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45, na Tanga iko kwenye 39 tu, kwa hiyo jua linafika kilele chake kwetu kwa kuchelewa. Kivuli kinalala kuelekea kusini, kifupi, kama sentimita 8.9. Gawanya kwa 100, bonyeza tan⁻¹, unapata nyuzi 5 na kidogo, na hiyo ndiyo latitudo ya Tanga: tumeipata kwa fimbo, bila kuondoka uani. Mwaka mmoja kundi moja lilisoma kivuli sentimita 9.9, wakapata nyuzi 5.65. Sentimita moja tu, na wakawa wameuhamisha mji wetu kusini ya Pangani.

Kwenye jedwali la tanjenti unaitafuta 0.3750 ndani ya safu. Hutaikuta. Utaikuta 0.3739, iliyoko nyuzi 20 dakika 30 (uzi mmoja una dakika 60). Imebaki 0.0011, yaani 11 kwenye tarakimu za mwisho. Nenda kwenye safu ndogo za tofauti upande wa kulia: iliyo karibu na 11 ni 10, kwenye safu ya dakika 3. Unajumlisha: nyuzi 20 dakika 33. Raha. Ila pembe zikipanda sana, kuelekea 90, tanjenti inaruka kwa kasi mpaka safu za tofauti hazitoshi tena kwa usahihi, na majedwali mengi huziacha wazi.

Mtego wake ni ukimya. Ukigeuza pande kwa bahati mbaya, 4 kwa 1.5, unapata 2.667, kikokotoo kinameza bila kulalamika na kukuletea 69.44. Ni pembe halali kabisa, ila ni ile nyingine, ya juu kileleni mwa paa. Mwanafunzi anaandika, anapiga mstari chini, anaendelea. Na wengine wanakosea kinyume chake: wakiona uwiano umezidi 1 wanafuta, kumbe kwa tanjenti ni ruhusa.

Unamfaa fundi, mpima kivuli, mtu yeyote mwenye kimo na umbali wa chini. Ndiyo hesabu iliyokuwa ndani ya kamal, kile kibao cha manahodha wa Bahari ya Hindi: ubao mdogo wenye kamba ya mafundo, fundo linashikwa kwa meno, ubao unasogezwa mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Kimo cha ubao kwa urefu wa kamba. Fundo ndilo lilikuwa jibu. Nyota yao kubwa ilikuwa ile ya Kaskazini, ambayo sisi wa Tanga, tulio kusini ya ikweta, hatuioni.

Kinyume cha sini

Huyu anataka mkabala na haipotenusi. Mahali pake ni pale ambapo upande wa chini haufikiki. Mfano wangu ni ubao wa kupakilia mashua. Ubao una mita 3, umelazwa toka mchangani hadi kwenye ukingo wa chombo, na ukingo uko sentimita 90 juu ya mchanga. Chini ya ubao kuna maji na tope; nani ataingia kupima umbali wa kulala? Pima kimo, urefu wa ubao unaujua: 0.9 kwa 3 ni 0.3, sin⁻¹ inatoa kama nyuzi 17 na nusu. Mpagazi mwenye gunia anapita. Chombo kikiinuka na maji, ukingo ukawa mita 1.8 juu, uwiano ni 0.6 na pembe karibu nyuzi 37. Angalia: kimo kimezidi mara mbili, pembe imezidi zaidi ya mara mbili. Hapo hapitiki na gunia.

Kwa pembe ndogo sini ni mpole. Kosa la sentimita 2 kwenye kile kimo cha 90 linakupotezea kama nusu ya uzi, hata haifiki. Matata yanaanza pembe inapokaribia wima. Chukua ngazi ya mita 5 iliyoegemezwa ukutani, mguu wake mita 1.2 kutoka ukutani. Kilele kinagusa ukuta kwenye mita 4.854. Pembe yake na sakafu ni kama nyuzi 76. Mtu akapima kimo cha ukutani akakosea sentimita 3, akaandika 4.884, sin⁻¹ itamwambia 77.6. Uzi mmoja na nusu umeondoka kwa sentimita tatu. Sababu yake inaonekana kwenye jedwali lenyewe: karibu na 90 sini zimesongamana, nyuzi nzima zinapita na tarakimu za mwisho hazijasogea vya kutosha. Ukirudi nyuma kutoka kwenye msongamano huo, hujui umetokea wapi hasa.

Usomaji wa jedwali lake ni kama wa tanjenti, unajumlisha tofauti. Mtego wake, kwa bahati, unapiga kelele. Ukigeuza pande ukagawanya haipotenusi kwa mkabala, uwiano unazidi 1, na kikokotoo kinagoma kuandika jibu. Wanafunzi wanakasirika wakiona hivyo, mimi hufurahi. Ni afadhali kinachokukatalia kuliko kinachokunyamazia.

Unamfaa mwenye kitu kilicholala mshazari ambacho urefu wake unajulikana: ubao, njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu, kamba ya tiara. Mradi pembe isiwe kali sana kwenda juu.

Kinyume cha kosini

Jirani na haipotenusi. Turudi kwenye ngazi ileile, safari hii tupime chini: 1.2 kwa 5 ni 0.24, cos⁻¹ inatoa nyuzi 76 dakika 7. Tukosee sentimita 3 zilezile, tuandike 1.23: inatoka 75.76. Tumepotea theluthi ya uzi badala ya uzi mmoja na nusu. Na tumepima tukiwa chini, viatu mchangani, hatukupanda popote. (Ngazi ya kuegemeza huwa salama kwenye nyuzi 75 hivi, ndiyo ile kanuni ya mafundi ya kipimo kimoja nje kwa kila vinne vya kupanda.)

Pembe ndogo ndiyo ugonjwa wake. Rudi kwenye fimbo ya Machi. Badala ya kupima kivuli, mwanafunzi mmoja mjanja alivuta uzi toka kichwa cha fimbo hadi ncha ya kivuli, akapata sentimita 100.4. Kosini ni 100 kwa 100.4, pembe 5.1, akashangilia. Nikamwambia avute tena. Safari hii 100.5. Pembe 5.7! Milimita moja, unene wa mstari wa kalamu, imefanya uharibifu uleule ambao kwa tanjenti ulihitaji sentimita nzima.

Jedwali lake linataka utulivu, kwani kosini hupungua pembe inapokua. Tofauti za pembeni unatoa. Natafuta 0.2400, naona 0.2402 kwenye nyuzi 76 dakika 6. Imezidi kwa 2, iliyo karibu ni ya dakika 1, kwa hiyo naenda mbele dakika 1. Wanaosahau kutoa ni wengi, na huo ndio mtego mkubwa. Ukigeuza pande, hapa pia kikokotoo kinagoma, kama kwenye sini.

Unamfaa mwenye ngazi, mlingoti wa antena uliofungwa kwa waya, hema: kitu kirefu kilichosimama karibu wima na mguu wake unaonekana.

Ujanja usiosaidia

Kuna mwanafunzi atasema: kama sini inaharibika karibu na 90, si nitafute ile pembe nyingine, halafu nitoe kwenye 90? Jaribu kwenye ngazi. Kwa pembe ya juu, kimo cha ukutani kinakuwa jirani, kwa hiyo utatumia kosini, na 4.884 kwa 5 inakupa 12.4. Toa kwenye 90: 77.6. Kosa lilelile, limevaa kanzu nyingine. Kinachookoa ni kupima upande mwingine. Kwa maneno mengine uchaguzi unafanyika ukiwa bado umeshika futi. Ukishika kikokotoo umechelewa.

Na kuna tabia moja ya darasani inanikera. Swali limetoa 1.5 na 4. Badala ya kwenda tanjenti moja kwa moja, mtu anatafuta haipotenusi kwanza kwa kanuni ya Pythagoras, anapata 4.272, anakadiria 4.3, halafu anatumia kosini kwa sababu ndiyo anayoipenda. Matokeo: 21.5. Jibu sahihi 20.6. Karibu uzi mzima umepotea, na hakuna aliyekosea kupima. Tumia pande ulizopewa, au ulizopima kwa mkono wako. Upande uliojitengenezea kwa hesabu uweke akiba wa kuhakikishia.

Vifaa, kwa ufupi

Kitabu cha majedwali ya tarakimu nne ni cha polepole lakini kinakufundisha uwiano unavyokwenda, na kinakupa dakika moja kwa moja. Kikokotoo ni cha haraka, ila angalia juu ya kioo kama kuna D (nyuzi), R (radiani) au G (gradi), vipimo vitatu tofauti vya pembe. Inatakiwa D. Mimi mwenyewe, mbele ya fundi, nilikuwa nimekiacha kwenye R toka somo la asubuhi, nikamsomea kwa sauti ya ualimu: "Sifuri nukta tatu sita." Akanitazama. "Mwalimu, hilo si paa, hiyo ni meza." Kipimo cha haraka: bonyeza sini ya 30, isipokuwa 0.5 usiendelee. Simu ni hivyohivyo, na nyingi hazionyeshi vitufe hivi mpaka uilaze ubavu.

Halafu 20.556 si nyuzi 20 dakika 55. Zidisha 0.556 kwa 60, upate dakika 33.

Kuchora kwa skeli na kupima kwa kipimapembe kunadharauliwa bure. Hakukupi dakika, lakini kunakuonyesha papo hapo kama umepata 69 mahali pa 20.

Kwa hali yako

Kama ni mtihani, soma kwanza maelekezo yaliyo juu ya karatasi kuhusu kikokotoo na majedwali, kisha weka alama kwenye pande mbili ulizopewa ukisimama kwenye pembe inayotakiwa. Pande zenyewe zinakuchagulia. Ile SOTOCA yenu juu ya HAH inatosha: S ni O kwa H, T ni O kwa A, C ni A kwa H, ambapo S, T na C ni sini, tanjenti na kosini, O ni mkabala, A ni jirani, H ni haipotenusi. Ukipewa zote tatu kamili, chukua yoyote, hakikisha kwa nyingine.

Kama uko nje na unaweza kupima wima na mlalo, pima hizo, nenda tanjenti. Kama mlalo haufikiki na kitu kimelala chini ya nyuzi 45, pima kimo, nenda sini. Kama kitu kimesimama kupita 45 na mguu wake unaufikia, pima chini, nenda kosini. Kama huna hakika na futi yako, pima pande zote tatu na ufanye njia mbili. Zikipishana zaidi ya uzi mmoja, rudia kupima, usitafute wastani.

Na kama hakuna karatasi inayodai nyuzi, huenda huhitaji kinyume chochote. Fundi wa Pongwe hajengi kwa nyuzi siku zote. Anajenga kwa "kila mita moja ya kwenda, panda sentimita 37 na nusu", na paa zake hazivuji. Siku ile alitaka pembe kwa sababu tu ramani ilikuwa nayo. Nilimwandikia 20°33′ kwenye kipande cha boksi. Akaigeuza, akaisogeza karibu na taa.

"Mwalimu, hizo dakika thelathini na tatu nitazipima na nini?"

Nikamwambia aweke ishirini na nusu. Kwenye nguzo yake ya mita moja na nusu, tofauti ni milimita nne na nusu. Akaitoa penseli sikioni, akautazama unene wake, akacheka.